Jiwe Lililowekwa Dhamana

Mwaka 2018 nilipanga chumba cha uani Bertrams, Johannesburg, nyumbani kwa mjane mmoja mzaliwa wa Morogoro. Mumewe alikuwa miongoni mwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokaa kwetu uhamishoni, wakaoa kwetu, na nchi yao ilipofunguka wakarudi na wake zao. Alifariki mwaka mmoja kabla sijahamia pale. Viatu vyake vilikuwa bado nyuma ya mlango wa jikoni, vimepigwa rangi, na kila nilipoingia kuomba maji ya moto nilivikuta vimeelekea nje, kama vya mtu anayetaka kutoka.

Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu. Jumapili akitoka kanisani alipika wali kwa nazi ya kopo, akalalamika kwamba nazi ya kopo ni maji ya kuoshea sufuria, kisha akaniita tule. Tuliongea Kiswahili mpaka chai ya jioni. Watoto wake wawili walikuwa watu wazima, wanaishi kwao, na wakija walimjibu kwa Kiingereza. Nadhani ndiyo sababu kodi yangu ilikuwa ndogo. Alikuwa analipwa kwa maneno.

Mimi nilikuwa nimezunguka sana kabla ya kufika pale. Nilitoka Tabora na cheti cha kidato cha nne, nikaenda Mbeya, Blantyre, Harare, kila mji nikiuona mzuri mpaka nilipoanza kuukumbuka uliopita. Johannesburg nilipata kazi ya kulinda magari kwenye eneo la kuegesha karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Turffontein. Pale ndipo nilipojifunza biashara ninayotaka kuieleza.

Haikuwa kamari ya dukani, ambako unacheza na kampuni na kampuni inakula. Lilikuwa soko la mtandaoni. Mtu mmoja anasema farasi fulani atashinda, mwingine anasema hatashinda, mtandao unawakutanisha na kukata kamisheni yake. Mimi nilipenda upande wa kupinga. Ukimpinga farasi kwa bei ya nne, na mtu ameweka randi mia, lazima uwe na mia tatu za kumlipa farasi akishinda. Mtandao unazifunga hizo mia tatu tangu mwanzo, huzigusi. Ndizo dhamana. Mara nyingi sikungoja hata mbio zenyewe. Nilipinga bei ikiwa chini, ikipanda naingia upande wa pili, na tofauti inabaki kwangu hata ashinde nani. Faida ilikuwa ndogo, ya kununulia mboga na muda wa maongezi, lakini ilikuja.

Nilijiwekea kikomo. Pesa zangu mle zilikuwa randi elfu tisa, na dhamana yangu kwa mbio moja haikuruhusiwa kuzidi mia tisa. Niliuandika mpaka huo kwenye akaunti yenyewe, ili siku nikipandwa na wazimu mashine inikatalie. Kuupunguza kulikuwa papo hapo. Kuuongeza, ulilazimika kuomba na kungoja saa ishirini na nne, ufikirie.

Mpango huo niliuelewa haraka kwa sababu baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kwenye njia moja ya treni, dereva hakuondoka stesheni mpaka akabidhiwe pete kubwa ya chuma ambayo kwa kila kipande cha njia ilikuwa moja tu. Aliyeishika pete ndiye mwenye njia. Baba alikuwa akisema watu hawafi kwa treni kwenda kasi, wanakufa kwa treni mbili kuwa kwenye njia moja.

Akaunti haikuwa kwa jina langu. Kibali changu kiliisha kila baada ya miezi sita, na kila kilipoisha benki ilinifungia. Dada alinipa kitambulisho chake na namba yake ya benki, bila kuuliza sana. Nilimwambia ni biashara ya bei za mtandaoni, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alipoona neno farasi aliguna, akasema, "Mradi usiniletee mavi yao hapa uani."

Sasa nieleze jiwe.

Katika ukoo wa mumewe, watu wa Rasi ya Mashariki, mtu akishazikwa hupita mwaka au zaidi, kisha familia hukusanyika kumwekea jiwe la kaburi. Jiwe husimamishwa likiwa limefunikwa blanketi, kondoo huchinjwa, wazee husema, halafu blanketi hutolewa. Mpaka siku hiyo marehemu ni kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kitanda. Mumewe alikuwa bado chini ya tuta la udongo lenye kibati cha namba. Ukoo ulikuwa umeshaanza kusema. Mwanamke aliyetoka mbali, walisema, hajui kumlaza mume. Tarehe ilikuwa imewekwa, Jumamosi ya mwisho ya Septemba, na watu thelathini wangekuja kwa basi. Wangekuta jiwe, au wangekuta tuta na yeye amesimama pembeni yake.

Tatizo lake lilikuwa shemeji, mdogo wa marehemu, aliyeishi Soweto. Alikuja kila mwezi, akakaa kwenye kiti cha kaka yake, akanywa chai vikombe vitatu, kisha akataja shida. Leo tairi la gari, kesho ada ya mtoto. "Eish, sisi," aliwahi kumwambia mbele yangu, maana kwao neno sisi ni dada, "kaka yangu asingeniacha nitembee kwa miguu." Na dada hakuweza kumnyima ndugu wa mumewe kitu anacho. Wala hakuweza kumwambia hana wakati anacho, maana alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli.

Jumapili moja, tukiosha vyombo, akaniuliza, "Hiyo akaunti yako yenye jina langu, pesa ikiingia inaweza kutoka siku hiyohiyo?"

"Hapana, dada. Siku tatu, nne."

"Na benki haionekani?"

"Haionekani."

Akafuta sahani moja muda mrefu. "Basi nitaweka humo pesa ya jiwe. Shemeji akija nitamwambia benki sina kitu, na nitakuwa sijasema uongo."

Ningemkatalia. Nilikuwa na sababu zote, na nilizijua. Lakini nilikuwa mpangaji anayelishwa wali kila Jumapili, na nilijisikia vizuri kuaminiwa. Tangu Desemba mpaka Agosti aliingiza kidogokidogo, mpaka zikafika randi elfu ishirini na nane, kamili kwa kumalizia deni la mchonga mawe. Mimi nilinunua daftari, nikapiga mstari katikati, kushoto zake, kulia zangu. Kila jioni niliandika. Shemeji alikuja, akaambiwa benki hakuna kitu, akaondoka akitikisa kichwa. Dada alifurahi kama msichana aliyetoroka shule.

Lakini mtandao haukuona daftari. Kila nilipofungua simu niliona namba moja tu, elfu thelathini na saba.

Mwanzoni mwa Septemba alinichukua tukalitazame jiwe. Yadi ya wachonga mawe ilikuwa nyuma ya karakana za magari, kusini mwa mji, na vumbi jeupe lilikuwa limekaa hata juu ya majani. Jiwe lake lilikuwa jeusi, limeng'arishwa, jina limeshachongwa, limeegemezwa ukutani pamoja na mengine. Dada alilisoma jina kwa sauti ndogo, mara mbili. Mimi nilikuwa natazama la pembeni. Halikuwa na jina, lakini mwanga ulipolipiga kwa ubavu niliona kivuli cha herufi, kama maandishi yaliyofutwa ubaoni kwa mkono.

"Hili vipi?" nikamuuliza mchonga mawe.

"Wenyewe hawakumaliza kulipa," akasema. "Tulisaga jina. Tunaliuza tena."

"Mnasaga baada ya muda gani?"

"Tarehe ya kulipa ikipita. Nafasi ni ndogo hapa, mnaona."

Dada hakusikia, au alijifanya hakusikia. Tarehe yake ya kulipa ilikuwa Ijumaa ya wiki moja kabla ya shughuli. Kwenye teksi ya kurudi mjini nilijikuta nasugua vidole, kwa sababu vumbi lile halikutoka.

Wiki hiyohiyo, Ijumaa asubuhi, mtunza farasi mmoja alipita kwenye geti langu kununua sigara. Alikuwa Mmalawi, tulizoeana kwa sababu ya miaka yangu ya Blantyre. Aliwasha, akavuta, akasema bila kunitazama, "Wetu wa kesho, namba sita, anayependwa na watu wote. Tangu jana amekataa chakula. Amesimama tu anatazama ukuta."

"Na bado anakimbia?"

"Tajiri amealika wageni, achimwene," akaniita ndugu kwa Kichewa. "Atakimbia."

Alipoondoka nilitoa simu, nikafungua ukurasa wa mipaka, nikafuta mia tisa, nikaandika elfu ishirini na saba. Sitasema nilikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa mtulivu. Nilijiambia kwamba kuomba si kutumia, na zile saa ishirini na nne zipo nifikirie. Nilijiambia pia kwamba sitangoja mbio, nitapinga asubuhi, habari ikivuja bei itapanda, nitafunga pande zote mbili na pesa ya dada itakuwa imekaa mahali palepale, imefungwa tu kwa saa mbili. Usiku sikulifungua daftari.

Jumamosi ujumbe ulikuja kwamba mpaka wangu umeongezwa. Saa saba mchana, nimesimama kazini katikati ya magari ya watu, nilimpinga namba sita kwa bei ya nne. Nilipokea dau za watu kidogokidogo mpaka zikafika elfu tisa. Mtandao ukafunga elfu ishirini na saba. Namba kubwa niliyoizoea ikashuka mpaka elfu kumi.

Bei ikapanda kama nilivyotaka. Nne na nusu. Nne nukta sita. Ningetoka pale pale ningeondoka na faida ya mwezi mzima. Nikajiambia, ikifika tano.

Saa tisa kasoro ishirini taa za njia panda, zile ambazo kule kila mtu anaziita robot, zilizima. Ulikuwa mgao wa umeme, ulikuja mapema kuliko ilivyotangazwa. Honi zikaanza. Nikatazama simu, bei imeandikwa nne nukta nane, haisogei. Nikagusa, duara likazunguka. Nikazima, nikawasha. Mnara wa simu wa mtaa ule ulikufa kila umeme ulipokatika, na mimi nililijua hilo kwa miaka miwili. Nililijua na sikuliweka kwenye hesabu.

Nikamwachia mwenzangu geti. "Unaenda wapi?" akapiga kelele. "Tajiri wa Mercedes anataka kutoka!" Nilikuwa nimeshavuka barabara. Uwanjani kulikuwa na jenereta, muziki, wanawake wenye kofia, nyama choma. Nikasukuma mpaka kwenye uzio.

Nilikuwa sijawahi kuwatazama. Kwa miaka miwili nilikuwa nimefanya biashara ya farasi kwa kutazama namba, na sasa namba sita alipita mbele yangu akielekea kuanza, mweusi, anang'aa, jasho limemtoka shingoni kabla hajakimbia. Rangi yake ilikuwa ile ile ya jiwe.

Walipofunguliwa, alitoka wa kwanza. Nikajiambia mtunza farasi alinidanganya. Watu walikuwa wanamwita. Walifika kona ya mwisho bado yuko mbele, na mimi nilikuwa siombi Mungu, maana sikujua nimwambie nini. Niliona tu ile yadi, na mtu ameinama na mashine yake juu ya jina, vumbi jeupe linapaa.

Mita mia za mwisho alianza kuyumba. Mwingine akaja ubavuni mwake. Walipita mstari pamoja, na uwanja wote ukasubiri picha ya kamera ya mstarini iamue. Sijui dakika zilikuwa ngapi. Mzee mmoja jirani yangu alitafuna karanga zake zote. Kisha wakatangaza. Namba sita wa pili, kwa urefu wa kichwa.

Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilikuwa nimeshinda. Sikusikia furaha yoyote, nilisikia tu harufu ya nyama choma.

Mtandao uliporudi jioni niliomba kutoa pesa zote. Nilitaka zianze safari ya kurudi benki usiku ule ule, shemeji azile kama anataka, lakini zisiwe mikononi mwangu. Jumatatu ukaja ujumbe. Akaunti imesimamishwa kwa ukaguzi. Kiasi kinachotolewa na mabadiliko ya mpaka si ya kawaida kwa mteja huyu. Mwenye akaunti atapigiwa simu. Kati ya siku ile na tarehe ya mchonga mawe zilibaki siku kumi na moja.

Nilimwambia dada kwamba watampigia kuhakikisha jina. Nilimfundisha kuunga na kupinga mezani, kwa vijiko. "Kwa hiyo wewe kazi yako ni kumwombea farasi wa mtu ashindwe?" akauliza, akacheka. Sikumwambia habari ya Jumamosi. Kila siku iliyopita bila simu nilijiambia nitamwambia kesho.

Simu ilikuja Alhamisi, shemeji akiwa sebuleni na kikombe chake cha pili. Dada akatoka nayo uani, kwenye kamba ya nguo, akaweka sauti ya nje kwa sababu sikio lake moja lilikuwa zito. Mimi nilikuwa mlangoni pangu. Aliyepiga alikuwa binti, mpole, anaongea Kiingereza taratibu.

"Mama, akaunti hii unaitumia wewe peke yako?"

Dada akageukia dirisha la sebule. Kupitia dirishani niliona kisogo cha shemeji. "Ndiyo, mwanangu," akasema.

"Ijumaa iliyopita uliongeza mpaka wako kutoka mia tisa mpaka elfu ishirini na saba. Jumamosi ukaweka dhamana yote hiyo dhidi ya farasi mmoja, Turffontein. Unakumbuka?"

Aligeuka akanitazama. Nimetazamwa na polisi wa nchi nne, lakini sijawahi kutazamwa vile. Alikuwa anahesabu. Elfu tisa zangu, elfu ishirini na nane zake. Haikumchukua muda.

"Nakumbuka," akasema.

"Kwa nini uliongeza, mama?"

"Nina jiwe la mume wangu. Tarehe imekaribia."

"Pole sana. Lazima nikuulize hili. Unahisi mchezo huu umeanza kukushinda nguvu?"

Hakuacha kunitazama. "Naogopa hivyo," akasema. "Naogopa sana."

Binti akamweleza kwamba kwa usalama wake wataifunga akaunti, jina lake halitakubaliwa tena kwao, na pesa zote zitarudi benki ndani ya siku tano za kazi. Dada akashukuru. Akaanua shuka moja, akalikunja vizuri, akaingia ndani. Nikamsikia akimuuliza shemeji kama anataka sukari zaidi.

Shemeji alipoondoka nilimfuata jikoni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi.

"Dada, nilikuwa nataka tu..."

"Miezi tisa," akasema, bila kupandisha sauti. "Miezi tisa nimezunguka nisimdanganye shemeji yangu. Wewe umenifanya nimdanganye mtoto wa watu kwa dakika tano, na nikaweza." Akakaa. "Kumbe naweza. Hilo sikulijua."

Pesa ziliingia Alhamisi iliyofuata, siku moja kabla ya tarehe. Ijumaa alfajiri alikuwa getini mwa yadi kabla haijafunguliwa. Hakunichukua. Aliporudi alinipa bahasha. Ndani kulikuwa na elfu tisa zangu na pesa yote ya namba sita, kasoro kamisheni. Hakuwa amebakiza hata randi kumi ya farasi.

"Hesabu, bwana," akasema.

Lile neno bwana ndilo lililonitoa nyumba ile. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyomwambia fundi bomba. Kisha akaongeza, "Jiwe likishasimama, utafute pengine."

Jumamosi ya shughuli nilisimama nyuma, karibu na basi. Wazee walisema kwa lugha yao, upepo ukapiga vumbi, blanketi likatolewa. Wanawake wakapiga vigelegele. Shemeji alishika mkono wa dada, akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba kaka yao alioa mke. Wakaitikia. Dada hakuinua macho. Alikwenda mpaka kwenye jiwe, akapitisha kiganja juu ya jina, polepole, herufi moja baada ya nyingine, halafu kwenye sehemu iliyokuwa wazi chini ya jina, akainamisha kichwa upande kuitazama dhidi ya mwanga. Watu walidhani analia.

Mimi nilijua anachotafuta. Hata mimi nilikuwa nimeinama kidogo, kule nyuma, nikitafuta kivuli kile kile cha herufi zilizosagwa. Na wakati wazee wanaanza kuomba, niligundua kwamba kichwa changu kilikuwa kimeshaanza hesabu nyingine. Nilikuwa na zaidi ya elfu kumi na saba mfukoni. Sehemu yake ya kumi ingekuwa kikomo kizuri tu cha akaunti mpya. Nilichokosa kilikuwa jina la mtu.